Maji ya rejeta yakiisha, bado ya bloku

Corolla yangu niliinunua kwa mtu hapa Dar es Salaam, na ukifungua mfuniko wa rejeta unakuta maji mekundu ya kutu. Gari lilikuwa limezoeshwa maji ya kisima. Visima vingi vya huku pwani vina chumvi, na chumvi ikichemka kila siku ndani ya injini, aluminiamu ya silinda hedi, yaani kichwa cha injini, inaliwa kimyakimya. Nikaamua kumwaga yote, nisafishe, niweke kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini.

Fundi wa mtaani alinirahisishia: "Kaka, fungua koki ya chini ya rejeta, umemaliza." Koki hiyo haina shida kuipata, ni kipepeo cha plastiki pembeni, chini kabisa. Niliacha injini ilale ipoe, maana rejeta ya moto ina presha na maji yake yanaweza kukurukia usoni. Nikatega beseni, nikalegeza kipepeo kwa vidole, kisha nikafungua mfuniko wa juu hewa iingie. Yalipoisha nikayapima kwa dumu: hayakufika lita 3. Kitabu cha gari kinasema mfumo mzima unabeba zaidi ya lita 5.

Yaliyobaki yalikuwa kwenye bloku, ule mwili wa injini wenye silinda. Injini ikiwa baridi themostati (vali inayofunguka maji yakipata moto) imefunga, na njia za maji zinazozunguka silinda zinashuka chini kiasi kwamba maji yake hayawezi kurudi kwenye rejeta yenyewe. Bloku ina koki yake, na hiyo ndiyo inayowashinda wengi.

Niliweka jeki, stendi mbili, na mawe nyuma ya matairi (chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake siingii, hata kwa dakika moja). Nikafuta uchafu kwanza, maana chini ya grisi na vumbi kila kitu kinafanana. Nati ya chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), ya spana namba 14, ni ya oili, niliiacha. Vile visahani vya chuma vilivyogongewa ubavuni mwa bloku navyo si vya kufungua. Koki ya maji kwangu ilijificha upande wa nyuma, unaoelekea dashibodi. Niliipapasa kwa vidole kabla tochi ya simu haijaifikia: kidude kifupi chenye kipua, na katikati boliti ndogo ya spana namba 10.

Ilikuwa imeganda. Niliipulizia dawa ya kulegeza kutu nikaiacha mpaka kesho yake. Spana ya mdomo wazi ingekula kichwa, kwa hiyo nilitumia ya boksi, nikawa naipeleka kidogo, nairudisha kidogo. Nilikuwa nimechomeka kipande cha mpira kwenye kipua kikielekea dumuni. Boliti ikalegea, na hakikutoka kitu! Hata tone. Nikachomoa mpira, nikaingiza waya laini nikachokoa taratibu. Likatoka tope jeusi kwanza, zito, halafu maji ya rangi ya matofali yakafululiza hadi mkononi.

Baada ya hapo nilijaza maji safi, nikawasha injini na hita hadi themostati ikafungua, nikaacha ipoe, nikamwaga kwa koki zote mbili. Nikarudia hadi yakatoka meupe. Boliti ya bloku nilikaza kwa kiasi tu, ni ndogo na inakatika upesi. Kulanti nilinunua iliyokwisha kuchanganywa, nikaimimina polepole huku nikiminya hosi kutoa hewa. Zikaingia lita 5 na ushee.

Tahadhari moja: kulanti nyingi zina ethilini glikoli, ambayo ni tamu na ni sumu kali, na mbwa huilamba. Iliyobaki nimeihifadhi kwenye dumu lake lenye mfuniko, juu ya kabati. Chupa ya soda siitumii, nyumbani kuna watoto.