Fizikia kwa Mwaka Mmoja, Nikiwa Fundi Kondele

Ukiingia kidato cha tatu, shule nyingi za Kenya hukuruhusu kuacha fizikia. Mimi niliiacha kwa furaha, nikabaki na kemia na biolojia. Baadaye nikawa nafanya kazi ya kuvuta nyaya za umeme na mjomba wangu hapa Kondele, Kisumu, nikatamani kusomea uhandisi wa umeme. Kila chuo nilichoulizia kilitaka kuona gredi yangu ya fizikia. Basi nikaamua kurudia KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kama mtahiniwa wa kibinafsi: masomo sita niliyoyazoea, na fizikia ikiwa ngeni.

Kazi ya kwanza haikuwa kufungua kitabu, ilikuwa kutafuta kituo cha kufanyia mtihani. Fizikia ina karatasi tatu. Ya kwanza ni mwendo, kani, joto na mambo ya aina hiyo, alama 80. Ya pili ni umeme, nuru, mawimbi na fizikia ya kisasa, alama 80 tena. Ya tatu ni ya maabara, alama 40, saa mbili na nusu. Hiyo ya tatu ndiyo huwatia wakuu wa vituo wasiwasi, maana mtahiniwa wa nje anataka meza, ameta (kipimo cha mkondo wa umeme), lenzi na mtu wa kumwangalia. Shule moja ilinikataa papo hapo. Nyingine ilikubali kwa sharti kwamba nilipie matumizi ya maabara na nije Jumamosi tu. Nilikubali, na nikaomba makubaliano hayo yaandikwe kabla sijatoa pesa.

Watu walinishauri nianze na kidato cha kwanza, mada kwa mada. Sikuwasikiliza. Nilianza na umeme kwa sababu mikono yangu ilikuwa inaujua tayari. Siku moja tukifunga shawa ya moto nilimuuliza mjomba, "Mjomba, mbona hii haifungwi kwa waya wa soketi?" Akanijibu, "Utaungua huo, kijana." Jioni nikapiga hesabu: shawa ya wati 5,000 kwenye volti 240 huvuta karibu ampea 21, na joto ndani ya waya hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo. Mkondo ukiongezeka maradufu, joto huwa mara nne. Waya mnene una ukinzani mdogo, yaani hauzuii sana mkondo, basi haupati joto jingi. Kwa wiki kadhaa nilisoma hivyo, nikitoka kazini na swali na kurudi kazini na jibu, na sura za umeme zikaisha bila kunichosha.

Mwendo na kani zilinitesa zaidi. Hapo nilijitafutia mifano ya huku kwetu. Ule mtambo wa umeme wa maji wa Sondu Miriu huzalisha megawati 60, na maji yake huanguka karibu mita 200. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa nyutoni 10,000 hivi, kwa hiyo ikianguka mita 200 hutoa jouli milioni mbili. Ili kupata wati milioni 60 unahitaji walau mita 30 za ujazo kila sekunde, na zaidi kidogo, kwa kuwa mashine hupoteza nishati. Baada ya hesabu hiyo, kazi, nishati na nguvu hazikunichanganya tena.

Hisabati yenyewe, kusema kweli, si nyingi kama watu wanavyotisha. Ukijua kugeuza fomula, kuandika namba kwa vipeo vya kumi, kutafuta sine ya pembe na kusoma mteremko wa grafu, umeshika sehemu kubwa. Eksirei, athari ya fotoelektriki (nuru kung'oa elektroni kwenye metali) na mnunurisho nilivisoma mwishoni kabisa, kwenye maktaba ya taifa tawi la Kisumu, na vilinishangaza kwa wepesi. Maswali yake hurudi kwa sura zilezile: ukiongeza volteji ya kuharakisha elektroni, eksirei hupenya zaidi, ukiongeza mkondo wa filamenti, ule waya wa moto unaotoa elektroni, huwa nyingi zaidi.

Muda mwingi niliutumia kwa karatasi ya tatu. Penduli nilitengeneza nyumbani kwa uzi na nati, nikaipima kwa saa ya simu. Uzi wa mita moja huenda na kurudi kwa takribani sekunde mbili, lakini usipime mzunguko mmoja. Pima ishirini, ndipo ugawanye. Ukichora kipeo cha pili cha muda dhidi ya urefu unapata mstari ulionyooka, na mteremko wake hukupa mvuto wa dunia. Ukinzani wa ndani wa seli niliutafuta kwa betri za tochi na multimita ya kazini. Grafu yenyewe ina alama nyingi kuliko wengi wanavyodhani: mihimili iwe na jina na kizio, skeli iwe rahisi kusoma (achana na skeli ya tatu-tatu), na mstari upite katikati ya nukta badala ya kuunganisha kila moja.

Vioo vilivyopinda nilivisoma kwa kiasi tu. Michoro yake hunichosha, na nilihesabu kwamba ningeweza kuvifidia kwenye lenzi na umeme.

Nilipata B ya kutoa. Chuo kilinipokea kwa stashahada ya uhandisi wa umeme, na wakati wa likizo bado nabeba ngazi ya mjomba.