Jinsi nilivyoirudisha Colnago Super ya miaka ya 1970 barabarani kwa vifaa vya enzi zake

Kabla sijashika spana nilishika kalipa, chombo cha kupimia unene na upana. Baiskeli ya Kiitaliano ya mbio ina vipimo vyake, na vingi viko karibu sana na vya Kiingereza. Ukaribu huo ndio unaoharibu fremu: kitu kinaingia nusu, fundi anaongeza nguvu, thredi (mikato ya skrubu) inakufa. Kwa hiyo nilianza kwa kuandika vipimo vyote kwenye karatasi moja, na kila kifaa nilichonunua baadaye kilipimwa dhidi ya karatasi hiyo.

Kwanza, umri. Namba iliyopigwa kwenye fremu yangu haikunisaidia, nikasoma dalili nyingine. Ua la karata lililokatwa kwenye viungo vya mabomba linasema fremu si ya kabla ya 1970, kwa sababu mtengenezaji wake, Colnago, alianza kutumia alama hiyo baada ya mwendesha baiskeli Michele Dancelli kushinda mbio za Milano–Sanremo mwaka huo. Nafasi kati ya masikio ya nyuma, yanayoshika gurudumu, ilikuwa milimita 126, yaani gia sita nyuma. Ingekuwa 120 ningejua ni ya gia tano, na 130 ni ya baadaye sana. Mikono ya gia inafungwa kwa kibano kwenye bomba la chini badala ya vishikio vilivyolehemiwa. Kisha nikatazama direla ya nyuma, kifaa kinachohamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine, aina ya Nuovo Record ya kampuni ya Campagnolo: juu ya mwili wake kuna neno Patent na tarakimu mbili, kwangu 78. Tarakimu hizo zinakaribiana na mwaka wa kutengenezwa. Basi nikaweka mpaka: vifaa vya 1976 hadi 1979. Siti aina ya Turbo ya Selle Italia, ambayo watu wengi huifunga kwenye baiskeli kama hizi, ni ya miaka ya 1980, nikaiacha. Nilichukua Cinelli Unicanitor.

Hapa niseme msimamo wangu. Vifaa vinavyoliwa na matumizi (cheni, waya, mpira wa breki, tairi, gololi, grisi) navihesabu kama mafuta ya taa kwenye taa: unaweka vipya bila kuona haya. Kinachotakiwa kuwa cha wakati wake ni kile kilichobuniwa kudumu: mikono ya pedeli, habu (vitovu vya magurudumu), breki, direla, usukani, nguzo ya siti. Anayening'iniza cheni ya 1978 iliyochakaa ili baiskeli iwe halisi anasaga meno ya gia ambazo hatazipata tena kwa urahisi.

Kazi iliyochukua siku nyingi kuliko zote ilikuwa nguzo ya siti. Ni alumini ndani ya chuma. Jasho na mvua vikiingia, alumini hutoa unga mweupe unaovimba na kujaza nafasi yote. Wengi hukimbilia kupasha moto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo moto ukifika hadi kwenye nguzo unaikaza zaidi, na juu ya hapo unaunguza rangi. Nilifanya kinyume. Nilitoa ekseli ya pedeli, nikaipindua fremu kichwa chini, nikamwaga mafuta ya kupenya kupitia bomba la ekseli ili yateremke ndani ya bomba la siti hadi kwenye nguzo, asubuhi na jioni kwa siku nne. Siku ya tano niliifunga nguzo kwa mfuko wa barafu dakika ishirini, nikaibana kichwa kwenye jiriwa yenye vipande vya mbao laini, nikaizungusha fremu yenyewe taratibu, kulia kidogo, kushoto kidogo. Fremu ndiyo iwe wenzo. Ukibana fremu na kuzungusha nguzo utakunja bomba jembamba. Ilipolia mara ya kwanza sikuivuta. Niliongeza mafuta, nikarudia mizunguko midogo hadi sauti ikaisha, ndipo ikatoka. Kipimo: 27.2, kama inavyotarajiwa kwa mabomba ya Columbus SL. Magadi makali yanayoyeyusha alumini yapo kama njia ya mwisho kabisa, lakini yanakula rangi, ngozi na macho, na nguzo yenyewe inapotea.

Mikono ya pedeli ndiyo sehemu ambayo fundi aliyezoea Raleigh na Phoenix anaweza kuikosea. Kwenye baiskeli zile mkono unashikwa na kota pini, na pini hutoka kwa nyundo. Huku ekseli ina ncha ya pembe nne iliyochongoka, mkono umekaliwa juu yake kwa nguvu. Nyundo hapa inatoboa njia za gololi na kupinda mkono. Fungua bolti kwa soketi ya milimita 15, hakikisha hakuna washa iliyobaki ndani, safisha thredi ya mkono kwa mswaki na mafuta ya taa, kisha ingiza kivutio (kifaa cha kuuvuta mkono utoke) cha milimita 22 kwa vidole hadi mwisho. Kikishikwa na thredi mbili tatu tu, ukikaza kitang'oa thredi zote na mkono utabaki pale pale.

Mikono ikishatoka, ikague. Alumini ya zamani ya umbo hili hupasuka mahali pamoja: kwenye kona kali ambapo mguu wa nyota inayoshika gia unaungana na mkono. Ufa mwembamba hauonekani kwa macho, basi nilitumia chaki. Pakaa mafuta ya taa kwenye kona, acha dakika kumi yapenye, futa yakauke kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki nyeupe. Penye ufa, mafuta yaliyojificha hurudi juu na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Kwangu ilibaki nyeupe. Ungetokea mstari, mkono ningeutundika ukutani, maana ukikatika hukatika umesimama juu ya pedeli.

Sasa vikombe vinavyoshika gololi za ekseli ya pedeli, na hapa ndipo Uitaliano wenyewe ulipo. Bomba la ekseli lina upana wa milimita 70, thredi ni milimita 36 kwa meno 24 kwa inchi, na pande zote mbili zinafungwa kwa mwendo wa saa. Kwenye mfumo wa Kiingereza upana ni 68, na kikombe cha upande wa cheni kina thredi ya kushoto. Fundi aliyezoea ule wa Kiingereza atakizungusha kikombe cha kulia kwa mwendo wa saa akidhani anakifungua, kumbe anakikaza mpaka spana inateleza. Huku unafungua kinyume cha saa pande zote, kikombe cha kulia kwa spana ya 36 iliyobanwa kwa bolti na washa pana ili isichomoke kwenye kingo nyembamba.

Mfumo huu una ugonjwa wake wa asili. Ekseli ikizunguka mbele, kikombe cha kulia husogea kidogo kidogo upande wa kufunguka. Waingereza waliweka thredi ya kushoto kwa sababu hiyo. Dawa yake ni usafi na nguvu: nilisugua thredi za fremu kwa mswaki wa shaba hadi zikang'aa, nikafuta kwa spiriti, nikapaka gundi ya thredi ya nguvu ya kati kwenye kikombe cha kulia, nikakikaza kwa spana yenye bomba la kuongeza urefu. Kikombe cha kushoto kilipata grisi, kwa sababu hicho ndicho cha kurekebishia na kinashikwa na ringi yake.

Ekseli lazima iwe na alama 70-SS. Ile ya 68 ni ya Kiingereza na itakaa vibaya. Gololi ni za robo inchi, 11 kila upande. Nilitupa zile za zamani hata zilizong'aa, kwa kuwa moja iliyochakaa kwa kiasi kidogo inawabebesha wenzake mzigo wote. Grisi ya kutosha kuzishika, ekseli ndani, kisha kikombe cha kushoto kikazwe hadi mchezo (kule kucheza kwa ekseli) uishe na ekseli izunguke bila kukwaruza. Unapokaza ringi, kikombe huvutwa kidogo, kwa hiyo anza kikiwa kimelegea nywele moja na ujaribu tena. Mimi nilirudia mara sita.

Habu nazifupisha. Mbele ni gololi 9 za inchi 7/32 kila upande, nyuma 9 za robo inchi. Koni zenye vishimo zibadilishwe. Acha mchezo mdogo sana unaosikika kwa vidole wakati wenzo wa kufungia gurudumu haujakazwa, kwa sababu wenzo ukifungwa huibana ekseli na mchezo huo hupotea. Ukirekebisha sawasawa gurudumu likiwa mkononi, litabana likiwa kwenye fremu.

Friwili inahitaji uangalifu zaidi. Habu yangu imepigwa alama 35x24, thredi ya Kiitaliano. Ya Kiingereza huandikwa 1.370x24, sawa na milimita 34.8. Friwili ya Kiingereza huingia kwa kubana kwenye habu ya Kiitaliano, lakini ya Kiitaliano kwenye habu ya Kiingereza inalegea na siku moja itang'oa thredi. Nilibaki na Regina ya gia sita, 13 hadi 24. Direla ya Nuovo Record haitaki jino kubwa kupita 26. Unapoitoa, funga kifunguzi cha meno mawili kwa wenzo wa ekseli kikaze kabisa, kibane kwenye jiriwa, zungusha gurudumu kama usukani wa lori. Ikilegea robo mzunguko tu, simama na ulegeze wenzo kabla ya kuendelea, la sivyo unaukata.

Rangi sikuipuliza upya. Fremu yenye mikwaruzo yake na stika zake za asili ina thamani ambayo rangi mpya, hata ikiwa nzuri namna gani, haiwezi kuirudisha. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kitambaa cha pamba, kisha nta. Usiguse stika kwa petroli wala tina. Kutu juu ya kromu niliisugua kwa karatasi ya alumini ya jikoni iliyoloweshwa maji. Ni laini kuliko kromu, inaondoa kutu bila kukwaruza. Ila kabla ya urembo huo wote, funga uzi kutoka sikio moja la nyuma, uzungushe kichwa cha fremu, urudi sikio la pili, upime umbali wa uzi hadi bomba la siti kila upande. Kwangu tofauti ilikuwa chini ya milimita moja. Pitisha pia kidole chini ya bomba la chini karibu na kichwa: ukisikia mvimbe, fremu imewahi kugonga kitu kwa mbele.

Usukani wa Cinelli wa miaka hiyo ni milimita 26.4 katikati, na shingo yake ya 1A ni hivyo hivyo. Usukani wa 26.0 ndani ya shingo hiyo utakaza bolti hadi mwisho na bado utazunguka ukiegemea. Wenye kuweka kipande cha kopo la soda katikati wanacheza na meno yao. Pima.

Waya za breki zinatokea juu ya mikono ya breki na kupinda hewani, hazipiti chini ya utepe wa usukani. Hiyo si mapambo tu. Tamasha la L'Eroica la baiskeli za zamani, kule Gaiole in Chianti, Italia, linadai hivyo, pamoja na mikono ya gia kwenye bomba la chini na pedeli zenye kamba. Mpira wa breki wa zamani ulikuwa mgumu kama kwato, nikaweka mipya. Angalia vishikio vyake: upande mmoja umezibwa, mwingine uko wazi. Ulioziba ukae mbele. Ukigeuza, ukivuta breki mteremkoni gurudumu linaichomoa mipira na kuitupa barabarani, na unabaki na chuma juu ya rimu.

Tairi ni za kushonwa, za kugundishwa. Nilizivalisha kavu siku tatu zikiwa na upepo ili zitanuke, nikakwangua gundi yote ya zamani, nikapaka rimu tabaka mbili nyembamba na tairi tabaka moja, nikasubiri usiku mzima, nikaongeza nyembamba ya mwisho na kuvalisha nikianzia kwenye vali. Saa 24 kabla ya kupanda.

Baada ya kukaza kila kitu nilichora mstari mwembamba wa rangi nyeupe kutoka kwenye kikombe cha kulia hadi kwenye bomba la ekseli, nyuma ya gia ambako hauonekani ukiwa umesimama. Kila baada ya kilomita mia moja nainama na tochi. Mistari miwili ikiachana hata kwa unene wa kucha, mkono wa pedeli unatoka na spana ya 36 inarudi kazini.