Lenzi za Sklera, Tiba ya Macho Yaliyokauka

Ndugu wengi wa nyumbani wakisikia kwamba navaa lenzi machoni hudhani nimechoshwa na miwani, au napenda urembo wa kubadili rangi ya macho. Lenzi zangu ni tiba, na bila hizo nisingeweza kufanya kazi hapa Massachusetts, hasa wakati wa baridi kali, ambapo mitambo ya kupasha nyumba joto hukausha hewa usiku na mchana.

Ugonjwa niliupata Tanga nikiwa mwanafunzi. Nilimeza dawa ya malaria yenye salfa, mwili ukaikataa kwa namna ambayo madaktari huiita sindromu ya Stevens-Johnson: ngozi ilibabuka, midomo ikachubuka na utando laini wa macho ukaharibika. Ngozi ilipona. Macho hayakupona, kwa sababu machozi yalikauka na upande wa ndani wa kope ukaota makovu magumu, hata ikawa kila nikipepesa naikwaruza konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho. Matone yalinituliza kwa dakika chache tu.

Lenzi ya sklera ni pana na ngumu, imetengenezwa kwa plastiki inayopitisha oksijeni, na ukingo wake hukaa juu ya weupe wa jicho, yaani sklera, bila lenzi kuigusa konea. Nafasi inayobaki kati yao hujazwa maji safi ya chumvi, nayo huilowesha konea mchana kutwa, huku lenzi ikiikinga dhidi ya kope zenye makovu. Wenye ugonjwa wa Sjögren, ambao kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na mate, hunufaika nazo pia, na hata baadhi ya waliopandikizwa uboho ambao macho yao yalikauka baadaye.

Wazo hili ni la zamani. Daktari Mjerumani Adolf Fick, akiwa Zürich, alieleza lenzi za kioo za namna hii mwaka 1888, ila kioo kiliinyima konea hewa. Karibu na ninapoishi, katika mji wa Needham, ipo taasisi isiyo ya kibiashara iliyoanzishwa mwaka 1992 na Dkt. Perry Rosenthal kwa ajili ya tiba hii hii.

Kuzivaa kunahitaji utulivu. Asubuhi nanawa mikono kwa sabuni na kuikausha vizuri, naiweka lenzi juu ya kishikio kidogo cha mpira, naijaza maji ya chumvi yasiyo na kihifadhi mpaka yatune ukingoni, kisha nainama hadi uso uelekee sakafu, natanua kope kwa vidole na kuipandisha lenzi polepole. Kiputo kimoja cha hewa kikinaswa chini yake naona ukungu, nami sina budi kuivua na kuijaza upya. Maji ya bomba hayaigusi kamwe, kwani yanaweza kuwa na amiba wanaoshambulia konea. Usiku nazivua.

Lenzi hazirudishi machozi wala haziondoi makovu, na daktari huendelea kuikagua konea yangu. Hata hivyo, aliyepatwa na sindromu hii huko nyumbani na kuambiwa kwamba hakuna la kufanya namsihi amuulize daktari wa macho kuhusu lenzi za sklera kwa jina hilo hilo, tena ataje kila dawa iliyomdhuru, kwa maana salfa imo hata katika baadhi ya matone ya macho.