"Huyu ni wa mgawo"

Novemba 2, 2019 nilikuwa Johannesburg. Jirani alituita kwake, nyama jikoni, runinga uani, tutazame fainali ya Kombe la Dunia la raga, Afrika Kusini na Uingereza. (Mimi mtoto wa Dar, raga nimeijulia huko huko ukubwani.) Kila Makazole Mapimpi, winga mweusi wa Afrika Kusini, akigusa mpira, mzee mmoja ananung'unika: "Huyu ni wa mgawo wa rangi." Yaani kachaguliwa kwa rangi yake, si kwa uwezo.

Sikumjibu, ugeni nao una adabu zake. Ila nilikuwa nawaza: Kombe la Dunia la 1995 kikosi kizima cha Afrika Kusini kilikuwa na mchezaji mmoja tu asiye mzungu, Chester Williams. Wale wengine mbona hakuna aliyewaita wa mgawo? Chujio la wachezaji liko kwenye shule zenye viwanja na makocha. Siya Kolisi, nahodha wa siku hiyo, alitoka Zwide, mtaa maskini wa watu weusi, akaingia shule ya namna hiyo kwa ufadhili wa masomo. Mapimpi, mtoto wa kijijini, hata shule za namna hiyo hakupita.

Dakika ya 66 Mapimpi akafunga trai (kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani), ya kwanza ya Afrika Kusini katika fainali zote za Kombe la Dunia. Mzee akageuza soseji kimya. Winga mwenzake, Cheslin Kolbe, alipoongeza nyingine, 32 kwa 12 dhidi ya Uingereza, nikageuka kumtazama. Alikuwa amesimama juu ya kiti.