Apolo Alikubali Kufundishwa

Neno: Matendo 18:24–28

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Apolo wa Aleksandria alikuwa msomi, hodari katika Maandiko, tena mwenye moyo wa bidii. Ila aliujua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na mumewe Akila, washona mahema, walimsikia akinena sinagogini Efeso, wakamchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Luka anamtaja mke kwanza. Tumezoea kumhubiri Prisila aliyefundisha. Wiki hii nimekaa zaidi na Apolo, msomi asiyeona haya kusahihishwa na mama mshona mahema.

Amenijia nikiwaza huduma ya wanafunzi katika vyuo vya Kilutheri. Kwa miaka mingi dada zetu waliachiwa kwaya, funzo la Biblia la bwenini na kumsikiliza mwanafunzi anayelia usiku wa manane. Mimbari na meza ya Bwana zikabaki kwa wanaume. Kule Marekani, Elizabeth Platz alianza kuwahudumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 1965. Kanisa lake liliporuhusu wanawake kubarikiwa kuwa wachungaji mwaka 1970, alibarikiwa tarehe 22 Novemba katika kanisa la chuo hichohicho, akawa mchungaji mwanamke wa kwanza wa Kilutheri Amerika Kaskazini. Alibaki na wanafunzi hao mpaka alipostaafu mwaka 2012. (Na hicho ni chuo cha serikali, si cha Kanisa. Roho hakuvingoja vyuo vyetu.)

Walutheri hawajakubaliana wote. Sinodi ya Missouri, kanisa jingine la Kilutheri la Marekani, haibariki wanawake kuwa wachungaji, ingawa ina mashemasi wanawake. Mimi nasimama na wanaobariki. Lakini hata kwetu, mchungaji mama hupangiwa ibada ya akina mama, na ibada ya mahafali akapewa mwenzake wa kiume. Kamati itasema ni ratiba tu.

Ndugu zangu wanaume mnaohubiri chuoni: ni lini mara ya mwisho ulimpa dada mahubiri yako ayasahihishe kabla ya Jumapili? Apolo alivuka kwenda Akaya akiwa na barua ya ndugu mkononi na mafundisho ya Prisila kichwani, naye akawafaa sana waliokuwa wameamini.

Tuombe: Bwana, utuletee wa kutusahihisha wiki hii, na kiburi cha usomi ukiondoe kabla hatujapanda mimbarini. Amina.