Nimekataa kutupa kabureta ya 404

Miezi minne Peugeot 404 ya marehemu baba, ya mwaka 1967, imenisumbua haikai silensa, yaani haitulii ikiwaka bila kukanyagwa mafuta, ukiwasha inapanda inashuka inapanda tena halafu inazima. Nimebadilisha plagi, pointi, gasketi, wapi. Fundi wa kwanza akasema tupa hiyo kabureta ya Solex tufunge kabureta ya Corolla, nusu siku tu imeisha. Jamani, 404 imechukua Safari Rally mara 4, na 1966 na 1967 aliyeiendesha ni Bert Shankland wa hapahapa Dar, baba alikuwa anatuhadithia kila tukipanda. Sikuweza kabisa.

Ugonjwa nikaja kuupata mwenyewe. Engine ikiwa inaunguruma nikapuliza spray ya kusafishia kabureta pale shafti inayozungushwa na pedali ya mafuta inapotokea ubavuni mwa kabureta, mlio ukabadilika palepale. Ukiishika shafti kwa vidole inacheza juu chini. Yaani miaka yote hiyo chuma cha shafti kimesugua zinki ya kabureta mpaka tundu limekuwa yai, hewa inapita pembeni bila ruhusa, mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi kupita kiasi kwa petroli iliyopo.

Nikapeleka mtaa wa Gerezani hapa Dar kwa mzee mmoja wa kukereza. Mtu wa kuchomelea jirani yake alitaka kujaza tundu kwa moto, mzee akamzuia, zinki inayeyuka kwenye digrii 420 hivi, ungebaki na uji. Yeye akapanua matundu yote mawili kwa rima, chuma cha kupanulia matundu, moja ndefu iliyopita upande mpaka upande, maana yakitofautiana hata unywele shafti inakwama na pedali hairudi, hiyo ni ajali. Akakereza bushi, yaani vibomba vya kushikilia shafti, mbili za bronzi, akazigongea taratibu, na kabla ya hapo alinionyesha kitundu kidogo cha silensa kilivyo karibu, bushi ikizidi urefu inakiziba na umefanya kazi bure. Shafti akakereza mpya. Skrubu za kile kibati cha duara kinachokaa kwenye shafti kufungua na kufunga njia ya hewa zimegongwa mwisho zisifunguke, kwa hiyo zile kuukuu tulizisaga, na kibati nilikiwekea alama mapema kwa sababu kingo zake zimekatwa mshazari, ukikigeuza hakifungi.

"Mwanangu, hiki kitu kina mwenyewe," akaniambia akinikabidhi.

Jana nimefunga, nikawasha, nikasogea pembeni nikaiacha dakika kumi nzima. Imetulia tu. Nimemtumia mama ile sauti, akapiga akiwa analia.

Kesho nafungua distribyuta, ile inayogawa moto kwenye plagi, na yenyewe shafti inacheza.