Nilivyorudisha kompresheni ya injini ya mashine ya kusaga

Injini ya mashine yetu ya kusaga hapa Tabora, ya dizeli, silinda moja iliyolala, ilikuwa haiwaki asubuhi za baridi za Juni na Julai. Ilitoa moshi mweupe tu. Kwa kawaida moshi huo maana yake dizeli inafika ila haiungui, kwa hiyo sikugusa pampu wala nozeli. Nilitafuta kompresheni, yaani hewa inayobanwa ndani ya silinda, inakovujia.

Injini ya dizeli haina plagi. Kinachowasha mafuta ni hewa yenyewe, ikibanwa ghafla mpaka ipite nyuzi 500 za Selsiasi. Pistoni hii ina kipenyo cha milimita 95 na inatembea 115: hewa ya sentimita za ujazo 858 inasukumwa hadi ienee kwenye 43, yaani mara 20. Ikivuja, joto linaondoka nayo. Na Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi tangu mwanzo. Kubana huko ndiko pia kunakookoa mafuta, maana gesi iliyowakia padogo hutanuka sana, na kutanuka ndiko kunakosukuma pistoni.

Nilizungusha flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwa mkono, polepole, bila kufungua kishikio cha kuachia hewa. Injini isiyovuja hugoma na kurudisha mkono nyuma. Hii ilipita ikilia fyuuu. Sikiliza sauti inatokea wapi. Kwenye ekzosi, ni vali ya moshi. Kwenye chujio la hewa, ni vali ya hewa. Kwenye tundu la oili, ringi za pistoni zimekwisha. Maji ya kupozea yakitoa mapovu, gasketi ya silinda hedi (kifuniko cha silinda) imeungua.

Ililia kwenye ekzosi. Nilifungua hedi, nikasaga vali kwa pesti, kwanza ya mchanga mkubwa kisha laini, hadi ikabaki pete ya kijivu isiyokatika. Nikamimina mafuta ya taa kwenye njia ya moshi, nikasubiri dakika 5, hayakupenya. Tapeti, yaani mwanya kati ya vali na mkono unaoisukuma, niliweka injini ikiwa baridi: milimita 0.35 vali ya hewa, 0.45 vali ya moshi. Ukipunguza mwanya huo, vali ikipata moto hurefuka, haifungi, nayo inaungua upya.

Gasketi niliweka moja tu, mpya. Wengi huweka mbili kuziba hedi iliyopinda, na hapo ndipo wanapoiua injini: milimita 1 ya ziada inaongeza sentimita za ujazo 7, nafasi inakuwa 50, kubana kunashuka kutoka mara 20 hadi 17. Hedi iliyopinda ipelekwe karakana ya kuchonga vyuma isawazishwe.

Flaiwili sasa inarudisha mkono, na handeli ya asubuhi inatosha mara moja au mbili.